Hodi Mbili Kwenye Bomba la Mng'ato

Nikianza?

— Tunasikia.

Nikidanganya?

— Tunasikia vilevile.

Nikisahau?

— Tutakukumbusha.

Haya. Aliyekaa vibaya na akae vizuri, na aliyelala asikorome kwa sauti.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya kale sana kwa sababu saruji ilishakuwapo, palikuwa na bonde la wanyama lenye chemchemi moja. Watu walipita bondeni wakisema wanajenga barabara. Barabara haikufika. Watu wakaondoka, wakaacha bomba moja kubwa la zege, la aina ile inayopitishwa chini ya barabara ambayo haikufika. Baraza la Wanyama likakaa, likaazimia kwamba bomba hilo lisimamishwe wima juu ya chemchemi, maji yasichafuliwe. Tembo wakalisukuma, gurugurugu, wakalisimamisha, wakalifukia, ukabaki nje ukingo wake tu, kimo cha goti la punda. Siku hiyo zilitolewa hotuba tano.

Sasa, chemchemi iliyolindwa inahitaji mlinzi. Wakati Baraza linatafakari nani anafaa, mbegu moja iliyokuja na mchanga wa watu wa barabara ikaota ndani ya bomba. Ikanywa maji ikanenepa. Ikatoa shina kama paja. Juu ya shina ikatoa kichwa kama boga, boga likatoa mdomo, mdomo ukatoa meno kama ya reki. Wakaiita Mng'ato.

Baraza likatazama. Likaona: ana meno, haachi kituo chake cha kazi, haombi likizo. Likampa barua. Kaimu Mlinzi wa Chemchemi, kwa muda wa miezi sita, wakati mlinzi kamili akitafutwa.

Miezi sita ile ilikuwa na miaka kumi na moja ndani yake.

Kazi ya Mng'ato ilikuwa hivi. Anapanda: fuuu. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anaota jua kidogo. Anang'ata: nga. Anashuka: sssst. Halafu kimya. Halafu anapanda tena: fuuu. Anatazama kulia, anatazama kushoto. Nga. Sssst.

Alichong'ata kilikuwa chochote kilichokuja kuteka maji.

Msidhani aling'ata kihuni. Mng'ato alikuwa mtu wa utaratibu. Barua yake aliikariri yote, na kipengele alichokipenda kuliko vyote ni cha nne. Kipengele cha nne kilisema: anayeteka bila kubisha hodi ni mwizi, na mlinzi amshughulikie. Anayebisha hodi ni mgeni, na kama adabu inavyotaka atabisha mara tatu, na mlinzi hatatoka wala kumgusa mpaka hodi ya tatu itimie. Mgeni akiondoka kabla ya hapo, atahesabiwa hakuja.

Basi wasiobisha hodi waliliwa kwa wizi. Waliobisha hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, waliambiwa "Karibu," wakaliwa kwa ukarimu.

Wanyama wakalalamika. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Ngiri, mnyama mzito mwenye mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na muhuri. Ngiri akawaambia malalamiko yanapokelewa kwa maandishi, na yawasilishwe kwanza kwa mhusika mwenyewe, pale kituoni kwake. Wakaenda kuwasilisha. Mwaka uliofuata malalamiko yakapungua sana, na taarifa ya Baraza ikasema hali ni shwari.

Miongoni mwa waliokwenda kuwasilisha malalamiko alikuwamo Sange mmoja. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, ukimwona haraka utasema panya, mpaka uione pua yake ndefu kama mkonga ulionyeshewa mvua ukanywea. Huyo Sange hakurudi. Alimwacha mkewe na watoto wawili ambao macho yao hayajafumbuka.

Siku hizohizo kiangazi kikaja. Madimbwi yakakauka, umande ukakauka, hata mizizi ya kutafuna ikawa kama kuni. Siku ya tatu bila maji, Mama Sange akajibonyeza, akaona maziwa hayatoki. Watoto walikuwa wakilia, nyi, nyi, kisha wakaacha kulia, na hilo ndilo lililomwinua. Akachukua kibuyu chake, kisichozidi ngumi ya mtoto, akakifunga kamba ya mkonge, akashika njia ya bombani.

Njiani akamkuta Digidigi amelala chini ya kichaka, ulimi nje. Digidigi huyu alikuwa rafiki wa marehemu, na mdogo wake Digidigi aliondoka na marehemu siku ileile ya malalamiko, naye hakurudi.

"Shemeji, unakwenda wapi na kibuyu?"

"Bombani."

"Utabisha hodi au hutabisha?"

"Nitabisha."

"Basi utaliwa kwa heshima," akasema Digidigi. "Mimi nitakusindikiza mpaka pale kivulini. Zaidi ya hapo sina ujasiri wa kukuazima."

Mama Sange akafika. Akasubiri. Fuuu, Mng'ato akapanda, akatazama kulia, akatazama kushoto. Nga, aling'ata nzi. Sssst, akashuka. Kichwa kilipozama tu, Mama Sange akaruka, tup, akatua juu ya ukingo wa bomba.

"Hodi," akasema.

Chini ikasikika sauti ya mtu anayejiweka sawa.

"Hodi," akasema tena.

Halafu akakaa.

Mng'ato alingoja. Ya tatu huwa haichelewi. Tangu utotoni ulimi wa kila mtu umezoea kwenda tatu, na ukishasema mbili ya tatu inajitokea yenyewe. Yeye alikuwa amekwisha kukunja shina, tayari kupanda. Akangoja. Akangoja sana.

"Wewe uliye juu," akasema mwishowe.

"Naam, baba."

"Umebisha ngapi?"

"Mbili."

"Bado moja."

"Najua, baba. Napumzika kidogo. Jua kali na mimi mfupi."

Akiwa anapumzika, Mama Sange akateremsha kibuyu. Pole pole, kamba ikishuka, kibuyu kikampita Mng'ato shavuni. Na hapa mjue jambo moja: kichwa cha Mng'ato kilikuwa kimekua miaka kumi na moja, lakini bomba halikukua. Ndani humo mdomo wake ulibanwa kama kidole kwenye pete ya zamani. Kuongea aliweza, tena kwa kupitia mwanya wa meno. Kung'ata, mpaka atoke nje.

"Nini hiki kinanigusa shavu?"

"Ni mwenzangu, baba. Hana maneno."

Chubwi. Kibuyu kikajaa. Mama Sange akakivuta juu, akanywa. Akakiteremsha tena. Chubwi.

"Nasikia maji," akasema Mng'ato.

"Na mimi nayasikia. Mahali pazuri hapa."

"Unateka. Anayeteka ni mwizi."

"Anayeteka bila kubisha hodi," akasema Mama Sange. "Mimi nimebisha. Sijamaliza tu."

Mng'ato akaipitia barua yote kichwani, kutoka salamu mpaka sahihi. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Angeweza kupanda tu, fuuu, nga, akamaliza shughuli. Lakini ndani ya barua hiyohiyo kulikuwa na kipengele cha tisa, kisemacho kwamba mlinzi akivunja masharti barua yake imekufa, na mmea wowote unaoota kwenye mali ya Baraza bila barua ni magugu, na magugu yang'olewe. Tembo wawili wangetosha, na walikuwa hawana kazi.

Akajaribu upole. "Mama, hodi yako ya pili sikuisikia vizuri. Hebu irudie."

"Pole, baba. Andika hukuisikia. Mimi nimeisema."

"Hivi kwenu mgeni akifika kwa watu husema nini?"

"Husema hamjambo."

"Kabla ya hamjambo."

"Kabla ya hamjambo huvua viatu. Lakini mimi sina."

Mng'ato akasaga meno, krrr, kadiri nafasi ilivyomruhusu.

Kibuyu kilikuwa kimejaa mara ya nne, na Mama Sange akawakumbuka wanawe. Hapo ndipo akaliona tatizo lake. Akishuka kabla ya hodi ya tatu, anahesabiwa hakuja, na asiyekuja hana ulinzi wowote mgongoni. Atafika mbali kiasi gani na kibuyu kizito kabla shina halijamfikia? Na kesho je? Mng'ato atakuwa ameshajifunza, naye hatashuka tena, atabaki juu mdomo wazi kutwa.

Akageuka kivulini. "Shemeji," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo ukae hapa."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Njoo unywe maji."

Digidigi alikuwa mwoga, lakini kiu yake haikuwa na uoga. Akaja kwa ncha za kwato, akapanda ukingoni, kwato zikigonga ka-ka-ka juu ya zege.

"Bisha mara mbili," Mama Sange akamnong'oneza. "Kisha funga mdomo. Ukiusikia ulimi unataka kwenda, ung'ate."

"Hodi," akasema Digidigi.

"Tatu!" ikapaa sauti kutoka chini. "Mbili za Sange na moja yako. Zimetimia. Karibuni nyote."

Fuuu. Boga likapanda mpaka likafika ukingoni, meno ya mbele yakachungulia nje. Digidigi akafumba macho. Mama Sange akainamisha ile pua yake ndefu mpaka ikakaribia kuligusa jino.

"Subiri, baba. Mimi nikila mara mbili na Digidigi mara moja, nani ameshiba mara tatu?"

Mng'ato akasita. "Hodi ni hodi."

"Labda. Na labda sivyo. Hilo ni suala la tafsiri ya kipengele cha nne. Wewe ni nani wa kulitafsiri?"

"Mimi ni mlinzi."

"Kaimu," akasema Mama Sange.

Lile neno likampata pabaya.

"Kaimu hajitafsirii barua yake mwenyewe, baba. Ukikosea, utakuwa umevunja masharti, na kipengele cha tisa unakijua kuliko mimi. Waulize walioiandika. Mimi najali usalama wako tu."

Wanasema boga lile lilibaki pale ukingoni muda wa kuhesabu hadi mia, meno nje, macho yakizunguka. Kisha, sssst, likashuka.

"Mwiteni Mwenyekiti," ikasema sauti ya chini.

Ngiri akaja na mkoba wake. Akasikiliza upande wa juu, akasikiliza upande wa chini. Akavaa uso wa kazi.

"Suala ni zito," akasema. "Halijawahi kutokea. Nitaliwasilisha kwa Baraza. Baraza litaunda kamati ndogo. Mpaka hapo uamuzi utakapotoka, kila upande ubaki ulipo. Aliye juu abaki juu, aliye chini abaki chini."

"Aliye juu akichoka?" akauliza Mama Sange.

"Apokewe zamu na mwingine, kiti kisibaki wazi."

"Itachukua muda gani, Mwenyekiti?" akauliza Mng'ato.

"Muda wa kawaida," akasema Ngiri, akagonga muhuri juu ya zege, paa, akaenda zake.

Mama Sange akamwachia Digidigi zamu, akapeleka maji nyumbani. Akanywa mengine njiani. Jioni ile maziwa yakatoka, na nyi, nyi, ikarudi ndani ya kiota, na hakuna ngoma iliyowahi kumfurahisha hivyo.

Kesho yake wanyama wakaanza kuja. Wakapanga zamu. Kila aliyefika alipanda, akasema hodi, akasema hodi, akafunga mdomo, akateka. Chubwi, chubwi. Swala alikuja na majani mdomoni, ili ulimi uwe na shughuli. Kanga, ambaye hajawahi maishani mwake kusema jambo mara mbili tu, alifungwa mdomo kwa ukindu baada ya hodi ya pili na mumewe akashukuru.

Baraza likakaa. Siku ya kwanza akidi haikutimia. Siku ya tatu akidi ilitimia lakini muhuri ulisahaulika. Siku ya sita kamati ndogo iliundwa, ikaomba muda wa kujielewa. Siku ya tisa ikaonekana kwamba katika kamati hakuna mwakilishi wa ndege, ikavunjwa, ikaundwa upya na mbuni ndani yake. Mbuni akaomba nyaraka zote zisomwe tangu mwanzo, pamoja na zile hotuba tano.

Siku ya kumi, Mng'ato akaongea. Mama Sange ndiye aliyekuwa zamu.

"Mama."

"Naam, baba."

"Huku chini hakuna jua."

"Hakuna, baba. Bomba liliwekwa makusudi, maji yasichafuliwe, hata na jua."

"Mimi ni mmea."

"Na mimea ni mizuri."

"Mmea bila jua... Nipishe nichungulie kidogo. Nitafunga mdomo. Naapa."

Mama Sange akaangalia chini. Aliona kitu kinang'aa weupe gizani. Akamkumbuka mumewe, jinsi alivyoondoka asubuhi ile na karatasi yake ameikunja vizuri, akiwa ameirudia mara tatu kwa kuwa hati ya kwanza haikuwa safi.

"Ningekupisha, baba," akasema. "Lakini aliye chini abaki chini, ndivyo ilivyoandikwa. Wewe unajua mimi sina mamlaka. Jaribu kuomba kwa maandishi."

Mng'ato akaomba kwa maandishi. Ombi likapelekwa kwenye kamati ndogo. Kamati ikajibu kwamba haiwezi kushughulikia suala la jua kabla ya suala la hodi, kwa kuwa la hodi lilitangulia.

Siku ya ishirini na mbili uamuzi ukatoka.

Ngiri akaja mwenyewe, na nyuma yake Baraza zima. Wanyama wote wakakusanyika. Akafungua mkoba, akasafisha koo, akasoma. Alisoma utangulizi. Alisoma shukrani. Kisha akasoma:

"Baraza limeona kwamba hodi ni hodi, haijalishi imetoka kinywani mwa nani. Hodi zote zilizobishwa mlangoni hapo zihesabiwe kwa pamoja. Hadi leo asubuhi ni mia sita na nne. Mlinzi ameshinda. Na atoke."

Usimwone swala anatembea kwa maringo, siku hiyo alikimbia bila kuaga. Vumbi likatimka, puuu. Kanga akaruka na ukindu wake mdomoni. Ngiri mwenyewe alirudi nyuma hatua kumi, akasema ni kwa ajili ya kuona vizuri. Hata Digidigi aliruka, akaanguka, akainuka, akasimama mbali.

Mama Sange alibaki ukingoni. Mtu anaweza kusema alikuwa jasiri. Mimi nasema alikuwa amehesabu siku, na aliwahi kuona harage lililosahauliwa likaota chini ya sufuria.

"Karibu nje, baba," akasema.

Fu.

Kimya.

Fu... fu...

Kikatoka kitu. Kilikuwa cheupe, chembamba, kirefu, kimejipinda kama mkia wa panya. Juu yake kichwa kidogo kama ndimu iliyokamuliwa. Kikafumba macho kwa mwanga. Kikatazama kulia, kikatazama kushoto, kwa kuwa mazoea ni mazoea. Kisha kikafungua mdomo, kikamng'ata Mama Sange sikioni.

Nya.

Meno yalikuwa laini kama njugu mawe zilizochemka kutwa.

"Umemaliza, baba?" akauliza Mama Sange.

"Nimeshinda," akasema Mng'ato kwa sauti nyembamba. "Umesikia. Baraza limesema nimeshinda."

"Nimesikia. Hongera sana."

Digidigi alikuwa amesogea. Pua yake ilikuwa inacheza. Na digidigi, mkumbuke, hali nyama. Anakula machipukizi, na laini ndiyo anayoyapenda.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyu amekaa kama mboga."

"Amekaa hivyo," akasema Mama Sange.

"Subirini," akasema Ngiri kutoka kule mbali. "Subirini kwanza. Huyu ni mtumishi wa Baraza. Kumla mtumishi wa Baraza kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji..." Akaingiza kichwa ndani ya mkoba kutafuta muhuri.

Alipokitoa kichwa nje, Digidigi alikuwa anafuta mdomo.

"Mdogo wangu alikuwa anapenda sana machipukizi," akasema Digidigi.

Katika kumbukumbu za Baraza imeandikwa kwamba Kaimu Mlinzi wa Chemchemi alistaafu kwa heshima, mchana, baada ya utumishi wa miaka kumi na moja, na kwamba nafasi yake itatangazwa. Haijatangazwa mpaka leo. Wanyama wanateka tu. Watoto wa Mama Sange walifumbua macho, na kitu cha kwanza walichokiona duniani kilikuwa kibuyu.

Nimefika mwisho?

— Umefika.

Mmenikumbusha popote?

— Hukusahau.

Nimedanganya?

— Tumesikia vilevile.

Basi funzo lake ni hili, na mlishike: watoto, mkifika kwa mtu bisheni hodi mara tatu kamili, kwa sauti ya kusikika, tena bila kukaa mlangoni mwa watu. Anayekatiza hodi hana adabu, na dunia hii asiye na adabu hafiki popote. Mama Sange, kwa mfano, hakufika popote. Yupo palepale chemchemini, na wanawe, na wajukuu kumi na saba.